Kikuza Sauti cha Gitaa: Zawadi Iundwayo kwa Mkono

Wazee walisema, "Ukiona vyaelea, vimeundwa." Maneno haya hutajwa juu ya vyombo vya baharini, lakini yafaa vilevile kwa kila kitu kilichotoka katika mikono ya fundi mwenye subira. Siku hizi vijana wengi, wa mijini na wa mashambani, hujifunza kupiga gitaa la umeme kanisani, shuleni na katika bendi. Baadhi yao wamepata gitaa, lakini hawana chombo cha kulipa sauti. Basi mzazi, kaka au rafiki aliye na ujuzi wa kazi ya redio huweza kufikiri kumwundia kijana wake kikuza sauti, au amplifaya kama mafundi wanavyokiita, ili kiwe zawadi.

Wazo hilo ni jema sana. Lakini yafaa ijulikane tangu mwanzo ya kwamba zawadi hii si sawa na kiti au kikapu. Kiti kibovu humwangusha mtu, naye akainuka. Kikuza sauti cha valvu kina ndani yake volti zaidi ya 300, nazo huweza kuua. Tena anayepewa hajui kilichomo ndani. Yeye hushika nyuzi za gitaa kwa mikono miwili na kumwamini yule aliyempa. Kwa hiyo fundi aundaye kikuza sauti kwa ajili ya mtu mwingine ameshika amana. Somo hili laeleza jinsi chombo hiki kinavyofanya kazi, jinsi kinavyoundwa, na hasa mambo yampasayo fundi kuyatimiza kabla hajakitoa mkononi mwake.

GITAA LA UMEME LAHITAJI NINI

Gitaa la kawaida lina tumbo tupu la mbao, na tumbo hilo ndilo linaloikuza sauti ya nyuzi. Gitaa la umeme kwa kawaida ni gogo la mbao lisilo na tumbo, na likipigwa peke yake halisikiki hata chumba cha pili. Chini ya nyuzi zake za chuma pana sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba maelfu ya mara. Uzi utikisikapo juu ya sumaku, huzaa umeme kidogo sana katika waya ule, sehemu ndogo tu ya volti moja. Umeme huo hufuata mtetemo wa uzi barabara, lakini hauna nguvu ya kuisukuma spika. Kazi ya kikuza sauti ni kuuchukua umeme huo mdogo na kuufanya mkubwa pasipo kuupotosha zaidi ya vile apendavyo mpigaji.

Kenya ilianza kulizoea gitaa la namna hii katika miaka ya 1950, na Fundi Konde alikuwa miongoni mwa wapigaji wa kwanza waliolitumia. Katika miaka ya 1960 bendi ya Equator Sound ya Nairobi, ambayo ndani yake walikuwamo Fadhili William na Daudi Kabaka, ilivuma kwa magitaa ya umeme. Zamani zile vikuza sauti vilikuwa vya valvu, kwa kuwa transista, ingawa ilibuniwa mwaka wa 1947 katika maabara ya Bell huko Marekani, ilikuwa bado haijaenea katika vyombo vya muziki.

VALVU NA KAZI YAKE

Valvu ni chupa ndogo ya kioo iliyotolewa hewa yote. Mwaka wa 1904 Mwingereza John Ambrose Fleming alivumbua valvu yenye sehemu mbili, nayo ilipitisha umeme upande mmoja tu. Mwaka wa 1906 Mmarekani Lee de Forest alitia sehemu ya tatu katikati, yaani wavu mdogo wa waya uitwao gridi. Hapo ndipo mlango wa kukuza sauti ulipofunguliwa.

Katikati ya valvu pana kathodi, ambayo hupashwa moto na uzi mwembamba mpaka ikawa nyekundu. Kathodi ikipata moto hutoa elektroni, yaani chembe ndogo za umeme. Upande wa nje pana anodi, iliyounganishwa na volti nyingi, nayo huzivuta elektroni hizo zipite. Gridi husimama njiani kati ya hizo mbili.

Mfano wake ni mfereji wa maji ya mpunga kama ilivyo katika mashamba ya Mwea. Maji ni mengi na yana nguvu, lakini mtu mmoja akiinua au kushusha mlango wa mfereji, maji yote humtii. Hakuyaongeza maji kwa nguvu zake, ameyatawala tu. Gridi ndiyo mlango, na umeme mdogo wa gitaa ndio mkono wa yule mtu. Umeme mwingi utokao katika anodi hupanda na kushuka kama alivyoamuru yule mdogo. Nguvu ya sauti haitoki katika gitaa, bali hutoka katika umeme wa nyumba, na gitaa huitawala.

Watu huuliza kwa nini valvu zingali zikitumiwa, ilhali transista ni nyepesi, haipati moto mwingi, na ni rahisi kwa bei. Jibu lake ni kwamba valvu ikisukumwa kupita kiasi chake haikati sauti kwa ghafula, bali huibana kidogo kidogo, na sauti hiyo wapigaji wengi wa gitaa huipenda kuliko nyingine. Kwa ajili hiyo valvu zingali zikitengenezwa katika viwanda vya Urusi, Slovakia na China.

MPANGO UFAAO KUIGWA

Anayeanza asijaribu kuunda chombo kikubwa cha bendi. Mpango mzuri wa kuigwa ni ule wa kikuza sauti kidogo kiitwacho Champ, toleo la 5F1, kilichotengenezwa na kampuni ya Fender huko Fullerton, California, katika nusu ya pili ya miaka ya 1950. Leo Fender mwenyewe alikuwa fundi wa redio aliyefungua duka la matengenezo katika mji huo mwaka wa 1938. Mpango wake una valvu tatu tu na sehemu chache, na michoro yake inapatikana kwa wingi. Nguvu yake ni wati 5 hivi. Wati 5 huonekana kuwa kidogo, lakini katika chumba zatosha kuwaamsha majirani. Mwaka wa 1970 Eric Clapton na Duane Allman walipiga katika sahani ya "Layla" kwa kutumia vikuza sauti vidogo vya Fender.

Valvu ya kwanza ni 12AX7, ambayo mafundi wa Ulaya huiita ECC83. Ndani yake zimo valvu mbili ndogo katika chupa moja. Nusu ya kwanza huupokea umeme wa gitaa na kuukuza mara makumi kadhaa. Kisha umeme hupita katika kitufe cha kuongeza na kupunguza sauti, ukaingia nusu ya pili, nayo huukuza tena. Valvu ya pili, 6V6GT, ndiyo yenye nguvu. Hii husukuma spika kwa kupitia transfoma ya kutolea sauti. Valvu ya tatu, 5Y3GT, haikuzi sauti. Kazi yake ni kuugeuza umeme wa nyumba, uendao mbele na nyuma, uwe umeme wa upande mmoja tu, unaozifaa anodi.

VIFAA VINAVYOHITAJIWA

Pamoja na valvu hizo tatu na soketi zake, fundi awe na vifaa vifuatavyo:

1. Transfoma ya umeme. Upande wa kuingilia uwe wa volti 240, kwani ndio umeme wa nyumba katika Kenya. Transfoma iliyofanywa kwa ajili ya volti 120 za Marekani itaungua hapa. Upande wa kutolea uwe na volti 325 kila upande wa kati, volti 6.3 za kupasha moto valvu mbili za kwanza, na volti 5 za 5Y3GT.

2. Transfoma ya kutolea sauti ya valvu moja, yenye omu 5,000 hadi 8,000 upande wa valvu, na omu 4 upande wa spika.

3. Spika ya gitaa ya inchi 8, yenye omu 4. Hesabu ya spika na ya transfoma sharti zilingane.

4. Rezista: ya omu milioni 1 mahali pa kuingilia, na ya omu 68,000 mbele ya gridi ya kwanza, mbili za omu 100,000 kwa anodi za 12AX7, mbili za omu 1,500 kwa kathodi zake, moja ya omu 220,000 kwa gridi ya 6V6GT, na moja ya omu 470 kwa kathodi yake, nayo iwe ya wati 5 ili isiungue. Rezista za omu 10,000 na 22,000 hutumika katika njia ya volti nyingi. Nyingine ya omu 22,000 huirudisha sehemu ndogo ya sauti kutoka kwenye spika hadi kathodi ya nusu ya pili ya 12AX7, ili kuituliza.

5. Kapasita mbili za mikrofaradi 0.022 za kupitisha sauti, moja ya mikrofaradi 25 kwa kathodi ya 6V6GT, na tatu za kuuchuja umeme: moja ya mikrofaradi 16 na mbili za mikrofaradi 8. Hizi tatu ziwe za volti 500, kwa kuwa umeme huruka juu sana wakati valvu hazijapata moto.

6. Kitufe cha sauti cha omu milioni 1, swichi, fyuzi ya nusu ampea ya namna isiyokatika upesi, taa ndogo ya alama, tundu la waya wa gitaa, na waya wa umeme wenye nyuzi tatu.

7. Chesi ya bati la alumini au chuma, ubao mdogo usiopitisha umeme wa kushikilia vifaa, nati na skrubu.

Vyombo vya kazi ni chuma cha kulehemu, koleo, bisibisi, keekee, tupa, na mita nzuri ya kupimia umeme inayoweza kusoma volti 600. Asiye na mita asianze kazi hii, kwani atakuwa kama kipofu anayevuka barabara kuu.

KAZI YENYEWE

Kwanza matundu yote yakatwe katika chesi kabla ya kufunga kitu chochote, ili vipande vya bati visianguke kati ya nyaya. Matundu yapigwe tupa yawe laini, na kila waya upitao katika bati uvishwe mpira.

Transfoma mbili zisiwekwe karibu karibu wala kuelekea upande mmoja. Moja ikilala mashariki na magharibi, nyingine ilale kaskazini na kusini, kwani transfoma ya umeme hutoa sumaku ambayo huingia katika ile ya sauti, na spika ikavuma kama nyuki.

Nyaya za kupasha valvu moto ndizo zifungwe kwanza. Zisokotwe mbili mbili kama kamba, na kulazwa pembeni mwa chesi, mbali na waya wa gridi ya kwanza. Baada ya hapo zifuatwe nyaya za volti nyingi, kisha vifaa vya ubaoni, na mwisho waya mfupi wa kuingilia wa namna iliyovikwa wavu.

Katika kulehemu, fundi azipashe moto sehemu mbili zinazounganishwa, halafu aiguse lehemu juu ya sehemu hizo, si juu ya chuma cha kulehemu. Lehemu iliyoshika vyema hung'aa na kutambaa kama maji. Iliyoshika vibaya husimama kama kidonge. Waya kwanza ukunjwe ukamate, ndipo utiwe lehemu. Kazi nyingi zinazorudi kwa fundi baada ya miezi michache zina kidonge kimoja kibaya cha lehemu.

Kila waya ukiisha kufungwa, uwekewe alama ya rangi juu ya mchoro. Haraka haraka haina baraka. Chombo hiki kikimaliza majioni kumi ya kazi hakikuchelewa.

UMEME UNAOBAKI NDANI

Watu wengi hudhani ya kwamba plagi ikichomolewa hatari imekwisha. Katika redio ya transista jambo hilo karibu ni kweli, lakini katika chombo cha valvu si kweli hata kidogo. Kapasita za kuuchuja umeme ni kama mitungi. Huujaza umeme na kuushika. Chombo kilichozimwa huweza kushika volti 300 au 400 kwa muda mrefu, na mtu akitia mkono hupigwa ingawa plagi iko mezani mbele ya macho yake.

Dawa yake ni rahisi. Rezista ya omu 220,000 na wati 2 ifungwe daima kati ya kapasita ya kwanza na chesi. Kazi yake ni kuumwaga umeme polepole kila chombo kinapozimwa, na kwa dakika moja mitungi ile huwa mitupu. Rezista hii haikuwamo katika mchoro wa asili, lakini afikiriaye maisha ya mwenziwe ataitia.

Hata hivyo rezista huweza kukatika. Kwa hiyo kila mara kabla ya kugusa kitu ndani ya chesi, plagi ichomolewe, dakika moja ipite, kisha mita iwekwe juu ya kapasita moja moja. Ikisoma chini ya volti 10, ndipo mkono uingie. Wakati wa kupima chombo kinachowaka, mkono mmoja uwe mfukoni au nyuma ya mgongo, ili umeme usipate njia ya kupita kifuani kutoka mkono hadi mkono. Miguu ivae viatu vikavu, pete na saa zivuliwe, na pasiwe na watoto chumbani. Wala mtu asifanye kazi hii peke yake nyumbani. Awepo mwingine ajuaye swichi ya nyumba ilipo.

WAYA WA ARDHI

Hili ndilo jambo kubwa kuliko yote katika somo hili. Nyuzi za gitaa la umeme zimeunganishwa, kwa waya wake, na chesi ya kikuza sauti. Maana yake ni kwamba lolote litakaloipata chesi litaufikia mkono wa mpigaji. Ikiwa uzi wa moto wa umeme wa nyumba utalegea na kuigusa chesi, nyuzi zote za gitaa zitakuwa na volti 240. Kijana aliyesimama bila viatu juu ya sakafu ya saruji yenye unyevu, au aliyegusisha midomo yake na maikrofoni, hatapata nafasi ya kuachia.

Vikuza sauti vingi vya Marekani vya miaka ya 1950 vilikuwa na waya wa nyuzi mbili tu, visiwe na waya wa ardhi. Katika jambo hilo mpango wa zamani usiigwe. Waya uwe wa nyuzi tatu: kahawia ndio wa moto, buluu ndio wa kurudi, na ule wa kijani wenye mistari ya manjano ndio wa ardhi. Katika nyaya za zamani za Kiingereza rangi zilikuwa nyekundu, nyeusi na kijani.

Waya wa ardhi ufungwe katika skrubu yake peke yake, karibu na mahali waya unapoingia, bati likiwa limekwanguliwa rangi. Nati ikazwe juu ya washa yenye meno, na skrubu hiyo isitumiwe kwa kazi nyingine yoyote. Tena uachwe mrefu kidogo kuliko nyuzi nyingine mbili, ili waya ukivutwa kwa nguvu, ule wa moto ukatike kwanza na wa ardhi ukatike mwisho. Waya wa moto uende kwanza kwenye fyuzi, halafu swichi, kisha transfoma. Ndani ya plagi, fyuzi ya ampea 13 itolewe na kutiwa ya ampea 3.

Kazi hii yote ni bure ikiwa tundu la ukutani halina ardhi. Kwa hiyo mtoaji wa zawadi afike nyumbani kwa mpokeaji na kuhakikisha, au amwombe fundi wa umeme mwenye leseni alipime tundu lile. Valvu na transfoma zikitolewa katika redio za zamani, ikumbukwe pia kwamba baadhi ya redio hizo hazikuwa na transfoma ya umeme kabisa, na chesi yake ilikuwa imeunganishwa na umeme wa nyumba. Mpango wa redio za namna hiyo usitumiwe kamwe kwa gitaa.

KUWASHA KWA MARA YA KWANZA

Kabla ya umeme wowote, vipimo vitatu vifanywe. Mita iwekwe kati ya mguu mrefu wa plagi na chesi. Isome chini ya omu 1. Kisha iwekwe kati ya kila mguu mwingine na chesi, swichi ikiwa imefunguliwa. Isisome njia yoyote. Halafu gitaa liunganishwe, na mita iguse uzi wa gitaa na mguu mrefu wa plagi. Hapo tena isome karibu na sufuri. Kipimo hiki cha tatu ndicho kinachomlinda kijana.

Baada ya hapo chombo kiwashwe kwa kupitia taa ya wati 60 ya zamani, ile yenye uzi ndani ya kioo, iliyofungwa katika njia ya waya wa moto. Taa za kisasa za LED hazifai kwa kazi hii. Kila kitu kikiwa sawa, taa itang'aa kidogo kisha kufifia. Ikibaki kung'aa sana, pana kosa ndani. Chombo kizimwe, na taa imeokoa transfoma. Spika iwe imeunganishwa daima, kwani kuiwasha 6V6GT pasipo spika huweza kuiharibu transfoma ya kutolea sauti.

Spika ikipiga mlio mkali mara valvu zinapopata moto, isidhaniwe kwamba kazi yote imeharibika. Mara nyingi sababu yake ni kwamba ile sauti inayorudishwa kwa rezista ya omu 22,000 imerudi kinyume. Chombo kizimwe, kapasita zimwagwe, na nyaya mbili za upande wa valvu katika transfoma ya kutolea sauti zibadilishane mahali.

Mwisho taa itolewe, na volti za kathodi ya 6V6GT zipimwe. Tuseme mita yasoma volti 19. Igawanywe kwa omu 470, na jibu ni miliampea 40. Ikiwa kati ya anodi na kathodi pana volti 300, basi valvu inabeba wati 12. Vitabu vya zamani viliweka mpaka wa wati 12 kwa valvu hii, na matoleo ya baadaye yaliruhusu 14. Ikizidi hapo, rezista ya omu 470 ibadilishwe kwa ya omu 560 au 680. Valvu inayobebeshwa mzigo kupita kiasi hufa mapema, na mpokeaji ndiye atakayelipa.

SANDUKU

Sanduku la msonobari au saiprasi iliyokauka vyema lafaa sana, lakini lisifungwe nyuma kabisa, kwa kuwa valvu zahitaji hewa. Mlango wa nyuma uwe na nafasi juu, na kimia cha chuma cha kuzuia mikono ya watoto. Valvu huunguza vidole, hivyo zisiwe karibu na mbao wala kitambaa. Mbele ya spika hutandwa kitambaa chepesi, na njia ya kukijaribu ni kukipuliza kwa mdomo. Pumzi ikipita, sauti itapita. Kipande cha kanga au kikoi kitapita jaribio hilo kikiwa chepesi, nacho hulipa sanduku sura ya nyumbani.

Mahali pasipofikiwa na umeme wa waya, chombo hiki hakifai sana. Chatumia wati 40 hivi ili kutoa wati 5, na mzigo huo ni mkubwa kwa betri ndogo ya jua. Huko kikuza sauti cha transista kitumiacho betri ni zawadi ya busara zaidi.

SIKU YA KUTOA

Fundi asikitoe siku ileile kilipomalizika. Kikae kwake wiki moja kikipigwa kila siku, na kila jioni kitazamwe kama transfoma inapata moto kupita kiasi, kama harufu ya kuungua inatoka, na kama skrubu ya ardhi ingali imekaza. Ikiwa yeye si fundi wa umeme kwa kazi, amwonyeshe aliye fundi. Hakuna aibu katika kukaguliwa.

Kampuni ya Fender ilikuwa ikibandika ndani ya masanduku yake karatasi yenye majina ya valvu. Desturi hiyo ni nzuri na yafaa kuongezwa. Ndani ya sanduku la zawadi ibandikwe karatasi yenye mchoro wa nyaya zote, majina ya valvu tatu, kipimo cha fyuzi, volti zilizopimwa, na tarehe. Chini yake yaandikwe kwa herufi kubwa maneno haya: fyuzi isibadilishwe kwa waya au fyuzi kubwa zaidi; mguu wa ardhi usikatwe; spika isichomolewe chombo kikiwa kinawaka; na asiye fundi asifungue. Miaka ikipita, fundi mwingine asiyemjua aliyekiunda atakifungua kwa kukitengeneza, na karatasi hiyo huenda ikamwokoa.

Kijana anapopewa, na aelezwe maneno hayo kwa mdomo pia, na aonyeshwe kuchomoa plagi mvua ya radi inapokaribia. Ajue pia kwamba valvu huchakaa kama taa, na kubadilisha si kosa la mtoaji. Kisha na aachwe apige. Furaha ya mtoaji ni kuisikia sauti ya kwanza itokayo katika kazi ya mikono yake; na sifa yake kama fundi ni kwamba kijana huyo ataweza kupiga miaka mingi, hata bila viatu na hata jioni ya mvua, asijue kamwe jinsi alivyolindwa.